Tovuti ya Mradi Ikae Wapi? Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Vikundi vingi vya uzalishaji mali katika parokia sasa vina bidhaa za kuuza mbali na kijijini: asali, kahawa, batiki, mafuta ya alizeti. Kwa sababu hiyo kamati kadhaa zimeanza kuulizia tovuti ya biashara. Mara nyingi mazungumzo yote huwa juu ya sura yake: rangi gani itumike, picha ya nani ikae mbele. Suala la tovuti kuhifadhiwa wapi, na kwa jina la nani, huachiwa fundi. Tunaomba kamati zisimwachie fundi.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Tovuti ni mafaili yaliyowekwa kwenye kompyuta inayowaka usiku na mchana, ambayo huitwa seva. Anayekukodisha nafasi katika seva hiyo ndiye mtoa huduma wa kuhifadhi tovuti. Jina la kikoa, yaani ile anwani inayoishia kwa .co.tz kwa biashara au .or.tz kwa taasisi zisizo za faida, ni kitu kingine kabisa, japo mara nyingi huuzwa pamoja. Seva ni kama nyumba ya kupanga, na jina ni kama hati ya kiwanja. Nyumba unaweza kuhama wakati wowote. Hati ikiandikwa kwa jina la mtu mwingine, huna chako.

Jambo hili tulijifunza kwa gharama. Kikundi kimoja cha wafuga nyuki tulichokisaidia kilitengenezewa tovuti na kijana wa kujitolea, mwenye moyo mzuri kabisa. Alisajili jina kwa barua pepe yake binafsi. Baadaye alipata kazi mkoa mwingine, akaacha kuitumia barua pepe ile, na taarifa za kulipia upya zikaenda huko bila kusomwa. Siku moja tovuti ikazimika. Barua pepe za kikundi nazo zikakatika, maana zilitumia jina lile lile, na zikakatika katika majuma yale ambayo wanunuzi wa asali huulizia bei. Mama mwenyekiti alidhani wateja wamekasirika. Ilichukua karibu majuma matatu kumpata kijana na kurudisha jina. Tulikuwa na bahati. Kwa majina ya .com, kwa mfano, baada ya muda kuisha msajili anaweza kukupa nafasi ya kulipa, isiyozidi siku 45, kisha hufuata siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, na baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtoa huduma si bei. Ni hili: jina litasajiliwa kwa nani? Jibu linalokubalika ni jina la kikundi chenyewe, na barua pepe inayosomwa na watu wawili au zaidi. Barua pepe hiyo isiwe inayotegemea jina hilo hilo la kikoa, maana likizimika nayo huzimika. Nywila ziandikwe na kutunzwa na katibu pamoja na mhasibu, katika kabati lile lile la daftari za benki.

Swali la pili ni nakala akiba. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo la jirani. Hiyo ni miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hii barani Ulaya. Wapo wateja waliokuwa na nakala akiba, lakini nakala zilikuwa hapo hapo Strasbourg, zikaungua pamoja. Basi uliza nakala huchukuliwa kila baada ya muda gani, hukaa wapi, na kuirejesha ni bure au kwa malipo. Hata ukijibiwa vizuri, mwezi kwa mwezi pakua nakala yako mwenyewe na uiweke kwenye diski ya ofisi ya parokia.

Matangazo hupenda kusema huduma inapatikana kwa asilimia 99. Namba hiyo inavutia hadi uipigie hesabu: asilimia moja ya mwaka ni zaidi ya siku tatu na nusu za kuzimika. Asilimia 99.9 ni kama saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Neno "bila kikomo" nalo lisomwe pamoja na masharti yake. Huduma ya bei nafuu ni seva moja yenye tovuti nyingi, sawa na nyumba ya wapangaji wengi na bomba moja. Mpangaji mmoja akifungua maji siku nzima, wengine hupungukiwa, hivyo kikomo lazima kiwepo mahali.

Seva iwe nchini au nje? Inategemea mnunuzi yuko wapi. Data ikitoka Dar es Salaam kwenda Ulaya na kurudi hutumia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ukurasa mmoja huhitaji safari nyingi. Tena, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zilipata shida kubwa kufikia seva za ng'ambo. Kama wateja wako ni wenye maduka wa Arusha na Mwanza, seva ya nchini ina faida. Kama ni wanunuzi wa kahawa wa Ujerumani, ya Ulaya yafaa zaidi.

Kuhusu cheti cha usalama, kile kinacholinda mawasiliano kati ya mteja na tovuti, msikubali kutozwa fedha nyingi. Taasisi ya Let's Encrypt hutoa vyeti bure, na watoa huduma wengi huviweka bila malipo.

Msaada wa kiufundi unapimika kirahisi: kabla ya kulipa, tuma swali Jumamosi jioni uone jibu linakuja lini.

Sasa bei. Ulizeni bei ya mwaka wa pili, kwa kuwa ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya kuvutia wateja tu. Ulizeni pia kama mnaweza kulipa kwa simu au benki na kupata risiti ya EFD, maana mkaguzi wa hesabu ataitaka. Kwa wafadhili tuna ombi moja dogo: mnapogharimia kutengeneza tovuti ya mradi wa miaka mitatu, ongezeni katika bajeti ada ya jina na ya seva kwa mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa, ili kikundi kipate msimu mzima wa mauzo kabla ya kuibeba gharama hiyo chenyewe.