Kuchagua Maabara ya Kuhamishia Filamu Ndogo

Mtafiti wa Kiswahili huitafuta lugha vitabuni, magazetini na katika kaseti za sauti; ni mara chache anapokumbuka kuitafuta katika filamu. Hata hivyo filamu ndogo, zile za milimita 8 na milimita 16 ambazo wamisionari, watumishi wa migodi na jamaa mbalimbali walizipiga Katanga na Kivu katika karne ya 20, zaweza kuwa na kitu ambacho maandishi hayana: mtu anayesema, pamoja na mikono yake, uso wake na watu wanaomsikiliza. Filamu hizo hazifai tena kuchezwa ovyo. Hapana budi zihamishiwe katika video au katika kompyuta, na kazi hiyo kwa kawaida hufanywa mara moja tu. Kwa hiyo kuamua ni maabara gani ikabidhiwe bobina si jambo la bei peke yake.

Maabara inayojua kazi yake hutambulikana kwa maswali yake. Kabla ya kutaja bei huuliza upana wa filamu, urefu wake, kama ina sauti, na kama inanuka siki. Swali hilo la mwisho huwachekesha wengi, nalo ndilo zito kuliko yote. Filamu ndogo nyingi zimetengenezwa kwa asetati ya selulosi, ambayo katika joto na unyevunyevu huanza kuoza na kutoa asidi ile ile iliyomo katika siki. Asidi hiyo huchochea uozo zaidi, na mvuke wake waweza kuziambukiza bobina za jirani. Ukanda husinyaa, hujikunja, na matundu yake hayalingani tena na meno ya projekta. Mwenye filamu anayesema, «Ngoja kwanza tuitazame,» akaipitisha katika projekta ya zamani, aweza kuichana mita kwa mita. Bobina inayonuka itengwe na nyingine, nayo itangulie kupelekwa.

Vipimo navyo vyataka uangalifu. Pathé ya Ufaransa ilileta filamu ya milimita 9.5 mwaka 1922, yenye tundu katikati, baina ya picha na picha. Kodak ilileta milimita 16 mwaka 1923, milimita 8 mwaka 1932, na Super 8 mwaka 1965. Hizi mbili za mwisho zina upana mmoja na watu huzichanganya, ingawa Super 8 ina matundu madogo zaidi na picha kubwa zaidi. Bobina ya kawaida ya Super 8 ina mita 15, yaani picha 3600 hivi. Kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde hudumu dakika 3 na sekunde 20. Maabara moja huhesabu gharama kwa mita, nyingine kwa dakika, na asiyepiga hesabu hii hawezi kuzilinganisha.

Jinsi ya kuhamisha ni mbili hasa. Ya kwanza ni kuicheza filamu kwa projekta ukutani na kuinasa kwa kamera ya video. Ni rahisi, na studio nyingi za picha za arusi zaweza kuifanya. Lakini katikati ya picha hung'aa kupita kiasi, pembeni hufifia, na mwanga hupepesa. Mafundi wa zamani walipunguza mwendo hadi picha 16 na theluthi mbili kwa sekunde, wakatumia kizibo cha mapanga matatu, ili mimweko ipate kuwa 50 kwa sekunde kama ya televisheni ya Ulaya. Ilikuwa werevu mkubwa kwa wakati wake. Jinsi ya pili ni skana, ambayo huipiga kila picha peke yake kwa taa isiyo na joto kali. Skana bora huuvuta ukanda kwa magurudumu laini yasiyo na meno, hata filamu iliyosinyaa ikaweza kupita. Aidha, mwendo wa asili huweza kurudishwa baadaye katika kompyuta. Jambo hili si dogo: filamu iliyopigwa kwa picha 16 ikichezwa kwa 25, wachezaji wa ngoma hurukaruka kama panzi, na atakayechunguza mwendo wa ngoma hiyo atakuwa amedanganywa.

Kwa watu wa lugha, hata hivyo, mtihani mkubwa ni sauti. Filamu nyingine zina utepe wa sumaku ukingoni. Nyingine za milimita 16 zina mstari wa sauti unaosomwa kwa mwanga. Sauti haikai kando ya picha yake: katika Super 8 hutangulia kwa picha 18, katika milimita 16 yenye mstari wa mwanga kwa picha 26, na yenye sumaku kwa picha 28. Skana nyingi za bei nafuu hazisomi sauti kabisa. Maabara itarudisha picha safi na bubu, nayo haitakuwa imesema uongo, kwa kuwa haikuulizwa. Yafaa kudai sauti katika faili lake, isiyobanwa, mbali na ile iliyounganishwa na picha.

Kuhusu ukubwa wa picha, kudai 4K kwa milimita 8 mara nyingi ni kununua tarakimu. Fedha hiyo itumike kupata faili kuu lisilopoteza kitu, pamoja na nakala nyepesi ya kutazama. Kupokea diski ya DVD peke yake ni hasara. Waliohamishia filamu katika VHS kisha wakazitupa bobina wamebaki na kaseti ambazo mashine zake zilikwisha kuacha kuundwa mwaka 2016. Bobina zirudishwe zote, nazo zihifadhiwe penye baridi na ukavu.

Ni busara kutuma kwanza bobina moja isiyo na thamani kubwa na kuyapima matokeo. Safarini, mashine za eksirei za viwanja vya ndege haziidhuru filamu iliyokwisha kusafishwa. Joto la ghala au la gari lililofungwa ndilo huidhuru. Na kabla ya kufunga sanduku, maandishi yote yaliyo juu ya makopo yapigwe picha, hata yale yaliyofutika nusu, maana mara nyingi jina la kijiji na mwaka havikuandikwa mahali pengine.