Brooklyn: Uwanja umesimama, nyumba bado zangojewa

Mwaka 2003 wakazi wa mtaa wa Prospect Heights, katika wilaya ya Brooklyn jijini New York, waliahidiwa kwamba bonde la njia za reli lililoukata mtaa wao lingefunikwa, na juu yake yangeinuka majengo marefu, bustani na maelfu ya nyumba. Hadi mwishoni mwa mwaka 2025 bonde hilo lilikuwa bado wazi. Kando yake umesimama uwanja mkubwa wa mpira wa kikapu na majengo manane ya makazi, ambayo ni takriban nusu ya yale yaliyokusudiwa.

Mradi huo uliitwa Atlantic Yards, na tangu mwaka 2014 ukaitwa Pacific Park. Ucheleweshaji wake uliwagawa majirani kwa miaka mingi. Hatimaye hata wale waliokuwa wakipingana walijikuta wakiuliza swali moja: mtaa unapopewa ahadi, ni nani anayehakikisha kwamba inatimizwa?

Mpango ulivyoanza

Mpango ulitangazwa Desemba 2003 na kampuni ya Forest City Ratner, chini ya Bruce Ratner. Ulihusu eneo la ekari 22 karibu na makutano ya barabara za Atlantic na Flatbush, ambapo njia nyingi za treni za abiria hukutana. Uwanja, ofisi, maduka na makazi vingejengwa pamoja, kwa michoro ya msanifu majengo mashuhuri Frank Gehry. Gharama ilikadiriwa kuwa dola bilioni 2.5.

Wakala wa maendeleo wa jimbo la New York ulipoidhinisha mradi huo Desemba 2006, idadi ya nyumba ilikuwa 6,430. Kati ya hizo, 2,250 zilitengwa ziwe za kodi nafuu. Makadirio ya gharama nayo yalikuwa yamepanda hadi kiasi cha dola bilioni 4.

Majirani wagawanyika

Wako waliofurahi. Brooklyn haikuwa na timu ya ligi kuu ya mchezo wowote tangu timu ya besiboli ya Dodgers ilipohama baada ya msimu wa mwaka 1957. Vyama vya wafanyakazi vya ujenzi viliona ajira. Wapangaji wenye kipato cha chini, wengi wao Wamarekani weusi ambao kodi zilikuwa zikiwasukuma nje ya mitaa waliyokulia, waliona nafasi ya kubaki. Mwaka 2005 vikundi vinane vya kijamii vilitia saini mkataba na kampuni hiyo kuhusu ajira, mafunzo ya kazi na makazi.

Wako pia waliopinga. Sehemu ya eneo hilo haikuwa reli bali nyumba za watu na maduka. Sheria ya Marekani huiruhusu serikali kutwaa ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, mradi alipwe fidia ya haki. Jambo hilo si geni kwa mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kuona nyumba zikiwekwa alama kupisha barabara. Lakini hapa ardhi ilikuwa inatwaliwa ili ikabidhiwe kampuni binafsi. Wapinzani walisema kuuita mtaa wao uliochakaa, huku bei za nyumba zikipanda, ni kisingizio tu.

Kesi zilichukua miaka. Mnamo Novemba 24, 2009, mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua kwa kura sita dhidi ya moja kwamba utwaaji huo ulikuwa halali.

Kwa nini uwanja ulitangulia

Wakati hukumu inatolewa, hali ilikuwa imebadilika. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulikuwa umekausha mikopo ya benki. Michoro ya Gehry iliwekwa kando mwaka 2009 kwa sababu ya gharama. Shirika la usafiri la New York, linalomiliki eneo la reli, lilikubali mwaka huo huo kulipwa dola milioni 20 kwanza, na sehemu iliyobaki ya dola milioni 100 zilizokubaliwa awali ilipwe kidogo kidogo kwa miaka 22.

Kulikuwa pia na sababu ya kiufundi. Ili kujenga juu ya reli zinazotumika, sharti kwanza ijengwe sakafu kubwa ya chuma na zege, huku treni zikiendelea kupita chini yake. Kazi hiyo ni ghali, na sakafu yenyewe haimwingizii mtu kodi hata senti moja. Kampuni ikaanza na kile chenye kuleta fedha mapema.

Hivyo Barclays Center ulifunguliwa Septemba 28, 2012 kwa tamasha la mwanamuziki Jay-Z, mzaliwa wa Brooklyn. Jengo la kwanza la makazi lilianza kujengwa Desemba mwaka huo, kazi ikasimama mwaka 2014 kwa mgogoro baina ya wabia wa ujenzi, na wapangaji waliingia mwishoni mwa mwaka 2016. Ofisi, ambazo katika hesabu za mwanzo zingeleta ajira zipatazo 10,000, zilikuwa zimepunguzwa sana katika mipango iliyofuata.

Gharama ya kungoja

Kwa majirani, ucheleweshaji haukuwa na maana moja. Wenye migahawa na baa karibu na uwanja walipata wateja wapya. Waliokaa katika mitaa ya nyuma walilalamikia vumbi, malori, kelele za usiku na magari yaliyosimama kwa foleni kila penye mchezo au tamasha.

Walioumia zaidi ni wale waliokuwa wakingoja nyumba za kodi nafuu. Nyumba hizo hutolewa kwa bahati nasibu, na wakazi wa mitaa ya jirani hupewa kipaumbele kwa sehemu ya nyumba. Lakini kipaumbele hicho humfaa tu yule ambaye bado anaishi hapo. Kila mwaka uliopita, familia zaidi zilihama kwa kushindwa na kodi, na zilipohama zikapoteza nafasi yao katika foleni.

Ukubwa wa haja ulionekana katika jengo la kwanza, ambalo lilikuwa na nyumba 181 za kodi nafuu. Waliotuma maombi walizidi 80,000. Katika baadhi ya majengo yaliyofuata, nyumba nyingi zilizoitwa nafuu zililenga watu wa kipato cha kati, na si wale walioandamana kuunga mkono mradi huo miaka ya mwanzo.

Hoja ya familia zilizokuwa zikihama ilibadilisha mambo. Muungano wa vikundi vya mtaa uitwao BrooklynSpeaks ulitishia kwenda mahakamani, ukisema kuchelewa kwa nyumba kunawabagua wakazi weusi. Mwaka 2014 makubaliano yalifikiwa: muda wa mwisho wa nyumba zote 2,250 ulirudishwa kutoka mwaka 2035 hadi Mei 2025, na kwa kila nyumba itakayokosekana italipwa faini ya dola 2,000 kwa mwezi.

Faini isiyodaiwa

Mwaka huo huo kampuni ya Kichina ya Greenland ilinunua asilimia 70 ya sehemu ya mradi iliyobaki. Fedha nyingine zilitoka kwa wahamiaji, kwa njia ya viza ambayo wakati huo ilimwezesha mtu aliyewekeza dola 500,000 katika mradi wa kuleta ajira kuomba ukaazi wa kudumu Marekani. Mwaka 2023 mikopo ya karibu dola milioni 350 iliyotokana na fedha hizo ilishindwa kulipwa, na haki za kujenga juu ya reli zikatangazwa kupigwa mnada.

Mei 2025 ilipofika, zilikuwa zimejengwa nyumba 3,212, na kati yake 1,374 zilikuwa za kodi nafuu. Zilipungua 876. Kwa hesabu ya makubaliano, faini ilikuwa zaidi ya dola milioni 1.7 kila mwezi. Hata hivyo wakala wa jimbo haukuidai mara moja, kwa hoja kwamba kumbana mmiliki kungezaa kesi na kuchelewesha zaidi. Mwaka huo kundi jipya la wawekezaji liliingia kuchukua mahali pa Greenland.

Kwa wengi waliohudhuria mikutano ya mtaa, hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mkataba wa mwaka 2005 ulitaka awepo msimamizi huru wa kufuatilia utekelezaji, naye hakuajiriwa kamwe. Faini ya mwaka 2014 iliandikwa wazi, lakini uamuzi wa kuidai uliachwa mikononi mwa wakala ule ule uliotaka mradi usikwame. Kwa upande wake, uwanja ulikuwa na timu iliyoungoja na wawekezaji waliotaka faida yao, nao ukakamilika. Familia zilizokuwa zikingoja nyumba hazikuwa na chombo cha namna hiyo cha kuzisemea.

Ndiyo maana madai ya wakazi yamebadilika. Wachache bado wanataka mradi ufutwe. Wengi wanataka reli ifunikwe na nyumba 876 zijengwe, lakini safari hii kwa tarehe zinazojulikana, kwa kodi ambazo watu wa mtaa wanazimudu, na kwa msimamizi asiyekuwa na masilahi katika mradi.