Migori na Homa Bay: Kilomita za angani hazitoshi kukadiria muda wa safari

ANAYEWAHI mazishi Migori, au anayemsafirisha mgonjwa kutoka Homa Bay hadi Nairobi, huuliza kwanza umbali kisha akaukisia muda. Desturi hiyo humfaa mwenye gari. Kwa ndege, aghalabu humpotosha.

Tutazame viwanja vidogo viwili, Kabunde wa Homa Bay na Lichota wa Migori. Viko karibu juu ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini, vikitenganishwa na nusu digrii ya latitudo. Digrii moja hugawanywa katika sehemu 60, na kila sehemu ni sawa na maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Baina ya viwanja hivyo mna sehemu 31 hivi, au takriban kilomita 57.

Kompyuta zinazokokotoa umbali huigawa tarakimu hiyo kwa mwendo wa jeti kubwa, kilomita 800 kwa saa, na kutoa jibu la dakika nne. Ni hesabu sahihi ya safari isiyowezekana, kwa maana jeti ya aina hiyo haiwezi kupaa, kufikia kasi yake na kushuka tena katika masafa mafupi namna hiyo. Matatu ipitayo Rongo hutembea takriban kilomita 70, na huenda ikawa imeshusha abiria Migori kabla ya ndege ya kukodi kumaliza kupakia mizigo.

Faida ya ndege huonekana katika safari ya Nairobi. Kutoka uwanja wa Wilson hadi Migori ni kilomita 260 hivi angani; hadi Homa Bay ni 270 na ushei. Ndege ndogo kama Cessna Caravan, iendayo karibu kilomita 300 kwa saa, ingezimaliza kwa muda usiofika saa moja. Lakini kuna kusubiri zamu ya kuruka, kupaa kuvuka Bonde la Ufa, kukabili upepo na kujipanga kutua. Zaidi ya yote kuna vituo: ndege ikishuka kwanza Maasai Mara, muda huongezeka ingawa ramani haijabadilika. Kwa hiyo mnunuzi wa tiketi aulize saa ya kufika na idadi ya vituo, si kilomita.

Mpaka nao una saa zake. Kutoka Keekorok, upande wa Mara, hadi Kogatende katika Serengeti ni masafa yasiyofika kilomita 50. Hata hivyo, ndege haiwezi kuvuka na kutua palipokosa maofisa wa uhamiaji na forodha. Ndiyo maana baadhi ya watalii huruka kwanza hadi Migori, wakapanda gari mpaka Isebania, wakagongewa pasipoti hapo mpakani, kisha wakaendelea hadi Tarime kupanda ndege nyingine.