Mvumo wa Mtaa wa Kongo na Upepo wa Naos

Wamachinga wawili wakinadi nguo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mpita njia humsikia kila mmoja anapopaza sauti na anapopumzika. Wakiwa maelfu, sauti zao huwa mvumo mmoja usiopanda wala kushuka, ingawa kila koo lina zamu yake ya kunyamaza. Kwa hiyo utulivu wa mvumo ni ushahidi wa wingi, na kwa hoja hiyo hiyo wanaastronomia wamekadiria idadi ya vitu ambavyo hakuna darubini inayoweza kuvionyesha kimoja kimoja: mabonge ya gesi katika upepo wa nyota Naos. Nyota hiyo, ambayo mwezi Machi saa tatu usiku huonekana juu upande wa kusini mwa anga la Dar es Salaam, ina joto la nyuzi 40,000 hivi. Nuru yake husukuma gesi yake yenyewe nje kwa zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde, na gesi yenye kasi inapoipiga iliyo mbele yake, joto hufika mamilioni ya nyuzi na eksirei hutoka. Setilaiti ya XMM-Newton iliipima kwa takriban miaka kumi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakuonyesha mtikisiko wa muda mfupi. Utulivu huo unadai mabonge zaidi ya laki moja.

Msomaji makini atauliza: tunajuaje kwamba eksirei hizo hazitoki kwa nyota ndogo iliyojificha kando ya Naos? Jibu lilianza kupatikana pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndiyo iliyogundua kwamba eksirei za jozi ya nyota iitwayo Centaurus X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba hupotea kila siku 2.1, nyota ya neutroni inapopita nyuma ya mwenzake mkubwa wa moto. Hivyo ndivyo mwenza wa aina hiyo anavyojitangaza. Naos haina pigo la sekunde wala kupatwa. Inachoonyesha ni kupanda na kushuka polepole, kwa siku kadhaa, kwa kiasi cha asilimia 15 hivi. Mabonge madogo hayawezi kufanya hivyo, maana yangefutana. Lazima upepo huo uwe pia na maumbo makubwa, na chanzo chake bado kinachunguzwa.