Ngamia wa Mbali



Sisi wa Kotile, karibu na Mto Tana, twajua jinsi macho yadanganyavyo. Ngamia akiwa mbali tambarareni huonekana mdogo kama mbuzi. Akifika karibu, twainua shingo kumtazama.

Wachoraji wa Ulaya wa zama za kati hawakufuata macho. Walimchora mtu kwa kadiri ya heshima yake. Karibu na mwaka 1280, Cimabue wa Florence, Italia, alimchora Mariamu na Mtoto Yesu. Mariamu ni mkubwa mno, malaika wamzungukao ni wadogo. Nyuma yao hakuna mlima wala mti, ila rangi ya dhahabu tu, ishara ya utukufu wa mbinguni.

Kisha zikaja nyakati ziitwazo Renaisansi. Katika mji huo huo, karibu na mwaka 1427, Masaccio alichora Utatu Mtakatifu ukutani mwa kanisa la Santa Maria Novella. Alitumia hesabu, na cha mbali kikawa kidogo, kama macho yaonavyo. Tena waumini wawili waliopiga magoti hakuwachora vijitu, bali kwa kimo cha watu kamili. Mbingu zilikuwa zimewakaribia wanadamu. Hata hapa Kenya, miaka ya 1950, Elimo Njau alimchora Yesu Mwafrika katika kanisa letu la Kianglikana la Murang'a, akizaliwa kati ya vilima vya huko.

Je, nani alikuwa sahihi? Twahitaji wote wawili. Wa pili atukumbusha kwamba Bwana alikuja kwetu, akavaa mwili wetu. Lakini wa kwanza atuonya: jicho humfanya wa mbali kuwa mdogo. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mfugaji aliyepoteza mifugo alikuwa mdogo machoni pa watu wa mijini. Nasi pia, mjane akaaye mwisho wa njia huwa mdogo machoni petu. Samweli naye, nyumbani kwa Yese, alitazama kimo. Mungu alitazama moyo, akamchagua yule aliyeachwa malishoni na kondoo.

Basi, ndugu, juma hili tumwendee mmoja aliye mbali. Tukimkaribia, tutaona kimo chake.

Tuombe: Ee Bwana, utupe macho yako. Amina.