Kazi iko Huye, mwanafunzi yuko Kanama: namna ya kufungua ghala la mafaili la chuo ukiwa nyumbani

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulifurika wilayani Rubavu, maji yakaingia majumbani na kubomoa kuta. Nchini kote, watu zaidi ya 130 walipoteza maisha katika mafuriko na maporomoko ya usiku ule. Maji ya namna hiyo hayachagui: hubeba godoro, hubeba vyeti, na hubeba pia flashi iliyohifadhi kazi ya miaka mitatu ya mwanafunzi.

Ndugu zetu waliorejea kutoka ng'ambo wanajua uchungu wa kusoma miaka mingi kisha kubaki bila karatasi ya kuonyesha. Ndiyo maana mzazi wa Kanama anayetafuta ada kati ya soko la Mahoko na mpaka wa Goma anapaswa kumuuliza mwanawe swali moja: kazi yako umeihifadhi wapi?

Vyuo vingi vina kompyuta kubwa iitwayo seva, ambayo ndani yake kila mwanafunzi hupewa folda. Ni kama ghala lenye mlinzi. Tatizo hujitokeza wakati wa likizo. Kutoka Huye hadi Kanama kupitia Kigali ni zaidi ya kilomita 250, na folda iliyokuwa ikifunguka chuoni haionekani tena nyumbani.

Si kwamba imeharibika. Seva huzungumza na kompyuta za ndani ya chuo tu, na mlango wake wa mafaili, namba 445, hufungwa kwa watu wa nje. Sababu ipo. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye mlango huo huo na kufunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150, kikidai fidia.

Njia halali ya kuingia ni VPN. Hii ni programu inayotengeneza njia iliyofichwa kutoka kompyuta yako hadi chuoni. Ukishapita hapo, seva inakuona kama uliyeketi maktaba. Mfanyabiashara ataelewa upesi: kwanza unaonyesha kibali mpakani, ndipo unakwenda ghalani. Ukikimbilia ghalani bila kupita mpakani, unarudishwa.

Maandalizi yafanyike kabla ya kupanda basi. Nenda ofisi ya kompyuta ya chuo, uulize kama huduma hiyo ipo. Kama ipo, chukua vitu vinne: programu ya VPN, anwani yake, jina la seva na folda yako, na jina lako la kuingilia. Kisha zima intaneti ya chuo, washa ya simu yako, ujaribu palepale. Ikigoma, fundi yuko karibu.

Ukifika nyumbani, unganisha VPN kwanza. Kwenye Windows, fungua dirisha la mafaili na mahali pa anwani uandike jina ulilopewa, kwa mfano \\seva\folda. Weka jina na neno la siri. Folda isipoonekana, hakikisha kwanza kama VPN bado imeunganishwa.

Baadhi ya vyuo hutumia OneDrive au Google Drive. Hapo kwa kawaida VPN haihitajiki, neno la siri linatosha, pamoja na namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu.

Kwa kuwa bando ni pesa, usifanyie kazi faili kubwa moja kwa moja kwenye seva. Linakili kwako, andika, kisha ulirudishe jioni likiwa na tarehe kwenye jina, ili nakala ya zamani isifute mpya. Aidha, ukishuka Gisenyi karibu na mpaka, zima data ya ng'ambo, maana simu inaweza kushika mnara wa Congo na salio likaisha bila taarifa.

Ni vyema pia kuepuka kompyuta za kukodi. Ukilazimika, kataa kuhifadhi neno la siri, toka kwenye VPN ukimaliza, na usimpe mhudumu neno hilo hata akiwa jirani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mzazi, kabla mwanao hajafunga safari ya likizo ijayo, mpigie simu umuulize kama amejaribu.