Tela Halina Macho

Mimi niliyezoea kuwaandikia habari za vina na mizani, leo nawaandikia habari za nyaya. Msinicheke. Mtu hujifunza kwa lililomfika.

Mpwa wangu hukodisha viti na mahema ya arusi hapa Mombasa. Ana pikapu kuukuu, na mwaka jana alinunua tela lililotumika, lililotoka Marekani. Fundi wa kwanza alilifunga kwa nusu saa, akapokea pesa zake, akenda zake.

Usiku wa pili tulikuwa tukirudi kutoka Kilifi. Kwenye mteremko wa Mtwapa nilihisi mzigo ukitusukuma mgongoni kama fahali. Mpwa wangu akakanyaga breki. Pikapu ikalia, tela likataka kutupita. Mara nikasikia kishindo nyuma. Kijana wa bodaboda hakuona taa hata moja, akajitupa kando kutuepuka. Aliinuka na mchubuko wa goti, alhamdulillahi, lakini neno lake sikuwa na jibu lake: "Mzee, mngeniua, na mngekwenda zenu bila ya kujua."

Asubuhi nikamwendea fundi mmoja wa umeme wa magari, mtu mzima, mtaani Majengo. Akainama, akatazama, akatikisa kichwa. "Maalim, huyu kaunganisha rangi, hakuunganisha kazi."

Akanieleza. Katika matela mengi ya Marekani taa moja nyekundu hufanya kazi mbili, ya breki na ya indiketa. Katika pikapu yetu breki ina taa yake na indiketa ina yake. Ukizifunga pamoja, umeme hupotea njia: wakanyaga breki, indiketa zawaka. Pana kijisanduku cha kuzipatanisha, nacho chataka umeme wake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi, ili nyaya kuukuu za gari zisielemewe.

Pili, waya mweupe, yaani asi. Fundi wa kwanza aliutupa, akitegemea chuma cha kuvutia tela, nacho kimejaa kutu na grisi. Umeme ni msafiri. Usipopata njia ya kurudi kwao, hautoki. Tulipoparuza rangi ya chesisi mpaka chuma kikang'aa, tukaufunga waya huo hapo, taa zikawaka kama mbalamwezi.

Tatu, breki. Tela lile lina breki za umeme: ndani ya ngoma za magurudumu mna sumaku, ikipata umeme hushika ngoma na kuvuta mkono unaosukuma viatu vya breki. Lakini pikapu haikuwa na chombo cha kuziamrisha, basi zilikuwa zimelala. Tukakifunga chini ya dashibodi, nacho kina nyaya nne: mweusi kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, mweupe wa asi, mwekundu kutoka swichi ya pedeli, upande unaopata umeme pale tu pedeli inapokanyagwa, na wa buluu unaokwenda kwenye breki za tela.

Kila waya mmoja alipoufunga aliujaribu kabla ya kushika wa pili. Nikakumbuka chuoni: maalimu wetu hakutuvusha aya mpaka tumeinyosha ile tuliyo nayo.

Mwisho tulikwenda kwenye barabara kavu, tambarare, isiyo na watu. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, akabonyeza kitufe cha breki za tela peke yake, akaongeza nguvu kidogo kidogo mpaka magurudumu yakakaribia kukwama, kisha akapunguza kidogo. Mzigo ukibadilika, kipimo nacho hubadilishwa.

Mpwa wangu alinung'unikia gharama. Nikamwambia, mwanangu, kamba hukatikia pabovu, na pabovu petu nusura pakatikie mtoto wa watu. Tela halina macho. Macho yake ni taa tulizolitia sisi.

Tangu siku ile hatuondoki kabla mmoja wetu hajakwenda nyuma kutazama, na mwenziwe kukanyaga breki. Ni kazi ya dakika mbili. Yule kijana wa bodaboda tulimtafuta, tukamwomba radhi. Alituzunguka, akaziangalia taa moja moja, ndipo akatupa mkono.